Usiuze hiyo pikipiki, kwanza jua kidole gumba chako kiko wapi

Dogo wa Buhongwa unayesema unakimbia kilomita 10 kwa dakika 32 na unataka kuuza bodaboda uende Sweden ukawe mwanariadha wa orientiringi, hizi mbio za ramani, ACHA. Hata salamu sikupi, nimesoma swali lako niko kijiweni Igoma mwili ukasisimka.

Mimi niliuza yangu. Boxer, haijamaliza hata mwaka, nikaongezea na hela ya vikoba ya mama mdogo ambaye mpaka leo nikienda mtaa wake nazungukia nyuma. Kuna bwana alijiita kocha, alituona asubuhi tunapandisha kilima cha Capri Point hapa Mwanza akaniambia we una mapafu, ramani ni karatasi tu utajifunza hukohuko, wale wazungu wengine wanatembea. Na hela ya "mbinu" akala. Nikikutana naye pale Kamanga siku moja, atavuka bila kivuko.

Haya, nikaenda O-Ringen, mashindano ya mbio hizi huko Sweden, ile ya Julai ya siku tano, watu maelfu, watoto wamo na mabibi wamo. Ramani unapewa saa yako ya kuanza ikifika, huioni kabla. Nikaona nyeupe kubwa nikasema huu uwanja, kanyaga! Kumbe kwenye ramani zile nyeupe ndio MSITU unaopitika, uwazi ni njano, kijani ni kichaka. Nikazama kwenye misonobari spidi kali, sidhani kama kuna mtu amewahi kupotea haraka kama mimi.

Shida yetu watu wa Mwanza huku hatupotei, panda jiwe lolote unaona ziwa, unaona Bugando kule juu, basi umejua uko wapi. Kule unapanda jiwe unaona miti. Nikakutana na kibendera cha chungwa na nyeupe, ndio alama ya kituo, kwa furaha nikagusisha chipu ya kurekodi kwamba umefika hata namba ya kituo sijasoma, yangu 74 hicho 47, cha kwangu sikukiona tena, na ukikosa kituo chako kimoja tu matokeo yanafutwa hata kama umekimbia kama swala. Halafu akanipita bibi wa miaka 70 hivi, kweli anatembea, hapo kocha hakudanganya, ila gumba liko kwenye ramani na anajua anakokwenda.

Hilo gumba ndio kila kitu nakwambia. Kunja ramani iwe ndogo, igeuze mpaka kaskazini yake ifuate dira, gumba liwe pale ulipo, ukipita jiwe lisogeze, ukikata njia lisogeze. Hujui liwe wapi? SIMAMA. Simone Niggli wa Uswisi ana dhahabu 23 za dunia, unadhani ni miguu tu?

Anza hapahapa, OpenOrienteering Mapper ni programu ya kuchora ramani hizi na ni ya bure, weka kwenye simu uchore mawe ya Capri Point, ukipotea kwenye ramani uliyochora mwenyewe Sweden unaenda kufanya nini sasa.

Uliuliza viatu, visa, na nini sijui. Dira usinunue mtumba wa Ulaya, sindano yake imesawazishwa kwa kaskazini, huku kwetu inalala upande inagoma kuzunguka. Mengine watakwambia wengine, abiria ananiita na hii ninayoendesha ni ya mtu, jioni anataka hesabu. Ila kama umeshaamua kuuza kabisa usimpe dalali, njoo inboksi, nalipa kidogokidogo.