Cooper Black ni fonti ya maneno mawili matatu

Mkuu, umeuliza kwa nini menyu uliyoipanga yote kwa Cooper Black imetoka nyeusi tii hadi mteja akairudisha, wakati fonti hiyohiyo kwenye bango la mlangoni inapendeza. Nakata stika na kuchapa fulana mwaka wa 11 sasa, na hii fonti naipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Oswald Cooper aliichora Chicago, ikatoka 1922, enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, na kazi yake kubwa ilikuwa matangazo. Ilitengenezwa ivute jicho, siyo ijaze ukurasa. Hebu kuza herufi moja ijae kioo cha kompyuta uiangalie. Kona huioni. Hata vijiguu vya chini vimeviringika kama vidole vya mtoto mchanga, na tundu la "o" halikusimama wima, limeegemea nyuma kidogo. Upole wake unatoka hapo. Andika "Karibu" kwa fonti nene yenye kona kali, utadhani mtu anafokewa. Iandike kwa hii, unasikia harufu ya chai.

Sasa menyu. Kiswahili chetu kimejaa "a": maandazi, samaki, chapati, maharage. Na "a" ya Cooper Black ina kijitundu kidogo mno. Kwenye bango la mita mbili kinaonekana vizuri tu, lakini ukishusha ukubwa wa herufi hadi pointi 8 au 9 kwenye karatasi, wino unatanuka na kukiziba.

Mimi nililipa kulijua hilo. Mama mmoja muuza achari aliniagiza lebo 200, nikaweka Cooper Black mpaka kwenye viungo. Zilipokauka, "maembe, bizari, kitunguu saumu" yalikuwa madoa matupu. Nilizirudia zote kwa pesa yangu. Jina la achari nikaliacha vilevile, viungo na namba ya simu nikavihamishia fonti nyembamba ya kawaida, na yule mama mpaka leo anachapa kwangu.

Kwenye fulana ndiko inakoshinda. Vinaili, yaani karatasi ya plastiki ya kubandika kwa joto, huanza kubanduka kwenye kona kali baada ya kufuliwa mara kadhaa, na hii haina kona za kubandukia. Ila matundu ya "a" na "e" uyatoe moja moja kwa sindano, taratibu, kabla hujapeleka kwenye mashine ya joto. Duka la aiskrimu, chekechea, sherehe ya mtoto, juisi, vyote inavibeba. Kampuni ya ndege ya easyJet imeandika jina lake kwa fonti hii ubavuni mwa ndege na bado inasomeka kutoka mbali. Tangazo la msiba usiiguse kabisa, tafadhali. Nimeona limewekwa, na ndugu wa marehemu waliumia.

Kwa hiyo kwenye menyu yako iache kwenye jina la mgahawa na vichwa vya "Chai", "Chakula", "Vinywaji". Majina ya vyakula na bei ziwe nyembamba. Vichwa viandike kwa herufi ndogo isipokuwa ya kwanza, na usiongeze kivuli wala mstari wa pembeni, maana unene upo tayari. Chapa ukurasa mmoja kwanza, uubandike ukutani, rudi nyuma hatua tatu, umwite mteja asome bei ya chapati.