Swali la lugha: Je, "kuzika waya" na "kufungamanisha" ni jambo moja?

Msomaji wa Goma, fundi anayefunga madishi na redio za intaneti juu ya mapaa, anauliza: "Ninawaandikia vijana wangu maelekezo ya kazi kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa nina kauli mbili, mise à la terre na liaison équipotentielle, lakini hapa kwetu zote mbili tunaziita kuzika waya. Je, ni sahihi?"

Jibu: Si sahihi, ndugu fundi, na kosa hili laweza kuharibu mashine na hata kuua mtu.

Anayezikwa ni maiti. Kitu kinachofunikwa kwa udongo hufukiwa, na fimbo ya shaba inayopigiliwa chini hukitwa. Hata hivyo, "kufukia waya" nako kunaeleza waya ulipo tu, wala hakuelezi unafanya kazi gani. Kwa kauli ya kwanza andika "kuunganisha na ardhi". Nimechagua ardhi badala ya udongo kwa kuwa mji wenu umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, yakiwemo yale yaliyoshuka hadi katikati ya mji mwaka 2002, na mwamba mkavu hupitisha umeme kwa shida kuliko udongo wenye unyevu. Anayesoma "udongo" asije akadhani koleo moja la mchanga juu ya fimbo latosha. Katika mazungumzo, "tere" ya mafundi, yaani terre ya Kifaransa, haina ubaya, kama vile Nairobi na Dar es Salaam wanavyosema "ethi".

Kauli ya pili haianzii ardhini. Inahusu vyuma vyote kufungwa pamoja ili visitofautiane volteji, na kwa hiyo napendekeza "kufungamanisha". Mzizi ni funga. Ukapokea -am- ya kutendama, -an- ya kutendana na -ish- ya kutendesha, kama shika ilivyozaa shikamana na shikamanisha. Huwezi kufungamanisha kitu kimoja: ukiandika "fungamanisha mlingoti" ukaishia hapo, msomaji atauliza, na nini? Swali hilohilo ndilo fundi apaswalo kujiuliza akiwa juu ya paa. Mlingoti wa dishi ukiwa na fimbo yake, na umeme wa nyumba ukiwa na fimbo nyingine isiyounganishwa nayo, radi ikipiga karibu volteji hupanda upande mmoja kuliko mwingine, na tofauti hiyo hutafuta njia kupitia modemu, au kupitia mkono wa aliyeishika. Ndiyo maana kanuni ya umeme ya Marekani, NEC, haitosheki na fimbo ya mawasiliano peke yake; inataka iunganishwe na ile ya umeme kwa waya wa shaba usio mwembamba kuliko namba 6, yaani takriban milimita za mraba 13, na tangu toleo la mwaka 2008 inadai nyumba iwe na mahali maalumu pa kufungamanishia nyaya za simu, dishi na kebo.

Kwa hiyo vijana wako waandikie hivi: "Unganisha mlingoti na ardhi, kisha fungamanisha fimbo yake na fimbo ya umeme wa nyumba." Usifupishe ukaandika "funga mlingoti na fimbo", kwa sababu kwa mafundi kufunga dishi ni kulisimika tu, na kijana aweza kukaza kamba akaamini amekutii.