Katoliki na hukumu ya kifo
Hapana bwana, hiyo ya kusema Katoliki bado yaruhusu muuaji anyongwe ni mambo ya zamani. Papa Francis alibadilisha Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, mwaka 2018, ibara ya 2267, sasa inasema hukumu ya kifo haikubaliki kabisa kwa vile yavunja utu wa mtu, hata kama ameua, na hata kama sheria ya Kenya bado inayo. Mimi ni katekista hapa Malindi na hiyo ibara twaifundisha. Ila usichanganye na kujitetea, ukivamiwa waruhusiwa kujilinda hata ikitokea yule mtu afe, mradi usitumie nguvu kupita inavyohitajika, hiyo iko ibara ya 2264. Makanisa mengine yana yao, Marafiki wale wa Kaimosi, yaani Kanisa la Quakers, tangu asili yao hata vita hawavitaki.