Kutapika siku ya nane baada ya kupunguzwa tumbo

Dada uliyesema mdogo wako kafanyiwa Dar upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili apungue uzito, akapanda basi kurudi Kigoma na sasa siku ya nane anatapika hata maji, usimngojee apoe, mpeleke hospitali ya Maweni leo leo. Mimi nilirudishwa wodini siku ya sita, na haikuwa mshono wa ndani ya tumbo kuvuja, ni maji tu yaliniishia mwilini, mkojo umekuwa kama chai ya rangi halafu mi najikaza. Wengi wanaorudi ni hivyohivyo, kutapika na kukaukiwa, ndo maana baada ya hapo nilikuwa nakunywa kwa kifuniko cha chupa ya soda, kimoja, natulia, kingine, kutwa nzima hadi lita moja na nusu. Ila akiwa na homa, moyo unamwenda mbio zaidi ya 120, tumbo au bega la kushoto linauma, hapo mshono unaweza kuwa unavuja, hiyo sio ya kusubiri asubuhi. Mguu mmoja ukivimba au pumzi zikikata pia, safari ndefu vile damu inaganda. Mwambie daktari alifanyiwa lini, na umuulizie vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Na dawa za maumivu kama diklofenaki za dukani asiguse!