Maswali na majibu: Hadithi haijaja kukufundisha

Haya wadau, maswali yenu ya vitabu yamejaa kwenye simu mpaka inataka kuganda. Nimechukua machache. Mengine nimeyaruka makusudi maana nilishayajibu mwezi uliopita na mwezi juzi, na kama hukusoma wakati ule sioni kwa nini usome leo.

Nimenunua Peponi, riwaya ya Gurnah, kwa sababu ya ile tuzo ya Nobel, nimefika kurasa arobaini na kitu hamna kinachotokea. Tatizo ni mimi au kitabu? (Msomaji, Sinza)

Tatizo ni mwalimu wako wa kidato cha tatu, kaka. Na wangu pia. Walitufundisha kusoma riwaya kama askari anavyopekua begi, toa dhamira, toa wahusika, toa ujumbe, fani huku maudhui kule, ukimaliza kupekua unalirudisha begi kwa mwenyewe bila hata kuangalia kama ni zuri. Sasa umefungua Peponi unasubiri ujumbe ushuke kituoni, haushuki, unasema hamna kinachotokea.

Hivi kweli hamna kinachotokea? Yusuf, mtoto wa miaka 12, kapandishwa treni na tajiri anayemuita ami, anajua anaenda kutembea, kumbe baba yake kamtoa rehani kwa deni, na hakuna mtu mzima hata mmoja pale nyumbani aliyekuwa na ubavu wa kumwambia. Anakuja kuambiwa na Khalil, kijana wa dukani, ambaye naye yuko pale kwa deni la baba yake. Na siku zote Khalil anamkumbusha kwamba yule si ami yako, yule ni tajiri, muite seyyid. Halafu kuna ile sarafu. Kila tajiri akija nyumbani kwao, Yusuf anapewa sarafu ya anna kumi, na mtoto anaisubiri, anajifanya haitaki huku mkono uko tayari, na wewe msomaji unafurahi naye kabisa. Baadaye ukishajua tajiri anawachukuaga watoto wa wadeni wake, irudie ile sarafu uone inavyokaa vibaya mkononi. Mimi ilinikaa siku mbili.

Halafu jambo jingine ambalo hukuuliza. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994, mwaka huohuo ikaingia kwenye orodha fupi ya Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, na sisi huku kimya. Mpaka wazungu wakampa Nobel 2021 ndiyo 2022 tukapata ya Kiswahili, Mkuki na Nyota wakaichapa, mfasiri Ida Hadjivayanis. Miaka 28 mtoto wa Unguja anasubiri kusomeka kwa lugha ya Unguja, aisee. Na ikarudi vizuri, maana maneno kama seyyid na mnyapara kule kwenye Kiingereza yalikaa kama wageni wanaoogopa kuvua viatu, huku yako kwao.

Endelea tu, usikisome usiku macho yamechoka. Subiri msafara uingie bara, wakifika kwa yule chifu Chatu uje uniambie tena kama hamna kinachotokea.

Naomba PDF ya Rosa Mistika, ile riwaya ya Kezilahabi. (Wengi)

Hapana.

Binti yangu ana miaka 14, kaomba nimnunulie Rosa Mistika, nasikia ilipigwa marufuku. Nimpe? (Baba, Mbezi)

Mzee wangu, kinunue, lakini kisome wewe kwanza. Nasema kweli. Ni kweli kilipotoka 1971 kilizuiwa mashuleni, baadaye kikarudi mpaka wanafunzi wakakisoma kwa mtihani, na watu wote wanakizungumza kama kitabu cha binti aliyeharibika. Euphrase Kezilahabi hakuandika hivyo. Kaandika nyumba ya Ukerewe ambayo baba yake ni mlevi, Zakaria, anayembana binti mpaka hawezi hata kuongea na mvulana, akipata barua ya mvulana anapigwa vibaya sana, kisha huyohuyo binti anapelekwa bweni mbali na fimbo ya baba, hajui hata kusema hapana inasemwaje kwa sababu nyumbani hakuwahi kuachiwa aseme neno. Kinachofuata ni kizito, kuna mimba kutolewa, kuna kifo, sitakudanganya kwamba ni cha mtoto. Kwa miaka 14 ningengoja kidogo, kwa 16 ningempa na ningekuwepo sebuleni akitaka kuuliza. Ila wewe usingoje. Kile kitabu wameandikiwa akina baba, basi tu tuliwapa mabinti wakajibie mtihani.

Mwanangu ana miaka minane, kusoma hapendi kabisa. Nitajie vitabu vya hadithi vyenye maadili mema. (Mama wa wawili, Tabata)

Mama, hilo swali limejijibu lenyewe. Hivyo vya maadili ndivyo vilivyomkimbiza.

Nenda duka lolote uchukue kitabu chembamba cha mtoto cha Kiswahili. Ukurasa wa kwanza kuna mtoto mtukutu. Wa tatu bibi anamuonya asiende mtoni. Wa tano anaenda mtoni. Wa saba anaponea chupuchupu, wa nane analia anaomba radhi, na chini kabisa kuna maswali, Je, umejifunza nini? Mtoto wa miaka minane siyo mjinga, akimuona tu bibi ananyoosha kidole anajua mwisho wake, sasa asome ili iweje?

Juzi umeme ulikatika, mpwa wangu yuko kwetu, rika la huyo wako, nikamsomea Abunuwasi kwa taa ya simu. Ile ya sufuria mnaijua, kaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria kadogo ndani, anasema imezaa, jirani kwa tamaa anapokea, safari ya pili anaazima kubwa haileti, anasema imekufa. Mtoto kacheka mpaka kakaa chini. Halafu akanyamaza, akaniuliza, "Mjomba, ile ya kwetu iliyovimba chini ilikuwa na mimba?" Asubuhi nimeamka nakuta sufuria zote za dada yangu zimepangwa sakafuni kwa ukubwa, mama mbele na watoto nyuma, na vifuniko wamefunikwa kama shuka. Sasa niambie maadili yako wapi hapo? Abunuwasi kaiba sufuria ya watu! Ni mwizi kabisa huyo, na jioni yake kitabu nilikuta kimeshachukuliwa kabla sijakigusa.

Ukipata Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu mchukulie, imetoka 2015, na mfasiri ni huyohuyo Ida wa Peponi. Kuna bibi mmoja mle wa kifalme, kila kitu anakitafutia funzo, hata kiwe upuuzi namna gani, na ndiye anayechekwa. Niliposoma niliwakumbuka watu wa kamati za vitabu.

Na mkinunua angalieni picha, kwa sababu watoto wanasoma picha kwanza. Nina kimoja hapa nilinunua elfu nne, mchapishaji simtaji, maneno yanasema gauni jekundu na picha ina gauni la kijani. Mpwa wangu kaliona kabla yangu, akaniuliza nani muongo. Nilikosa jibu. Mtu kalipwa kuhariri kurasa 16 tu, kashindwa. Na siyo kwamba hatujui kazi, tangu 1991 kuna Mradi wa Vitabu vya Watoto, walikuwa wanamhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala zitanunuliwa ziende mashuleni, kwa hiyo mtu anapata nguvu ya kuweka mchoraji wa maana. Pesa ikiwa na uhakika picha zinakuwa nzuri, siyo siri.

Mimi nasoma simulizi za kwenye grupu la WhatsApp tu, buku moja fulu stori. Mke wangu anasema huko siyo kusoma. (Dereva, Kimara)

Mwambie shemeji ni kusoma. Wazee wetu walisoma hadithi za magazetini kipande kipande na hakuna aliyewacheka. Na hawa vijana wa simulizi wana kitu ambacho maprofesa wengi hawana, wanajua wapi pa kukata. Mlango unafunguliwa, ITAENDELEA. Unalala na mlango wako wazi kichwani.

Ila na wao wanachosha jamani. Kila bosi ni kijana wa miaka 28 ana gorofa Masaki, kila dada wa kazi katoka Singida ni mrembo kupita kiasi na hajui kwamba ni mrembo, mama mkwe mchawi, pacha aliyepotea anatokea sehemu ya 47. Waandishi mnaonisoma, hivi hamna mtu Dar hii anayekaa Buza, anapanda daladala, na bado ana hadithi?

Tahadhari, kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea kwenye simu, likiwa silo la mwandishi usitume, kuna watu wanakopi stori ya mwenzao wanaiuza kwa namba zao. Na ukishanunua usiisambaze kwenye grupu la ukoo. Ile buku yako ndiyo mshahara wa mtu.

Na PDF ya Kuli, riwaya ya Adam Shafi, je?

Hapana!

Riwaya za Kiswahili hapa Dar zinapatikana wapi?

Kila wiki. Kila wiki swali hili, na mwulizaji yuko Posta. Ingia duka la vitabu la TPH pale Samora. Nenda Soma, mkahawa wa vitabu, Mikocheni. Hela huna, Maktaba Kuu ipo Bibi Titi, kachukue kitambulisho. Zile za chini kwenye lami ni nzuri pia, mimi nusu ya kabati langu limetoka chini, ila kagua kwanza. Mwaka jana niliokota riwaya ya upelelezi, kava safi, nikaisoma wikiendi nzima, nafika ukurasa wa 96, unaofuata ni 113. Kumbe imetolewa kopi kutoka kwenye kitabu kilichochomoka fungu zima la kurasa 16, na humo ndimo muuaji alimokuwa. Ukurasa wa 113 wameshamfunga pingu wanamuita "yule bwana". Bwana gani sasa? Mpaka leo sijui. Na hizo PDF mnazoomba nyingi zimepigwa picha kutoka kwenye kopi za namna hiyohiyo, kidole cha mtu kipo pembeni.

Nimesoma Nagona ya Kezilahabi nimetoka kapa. (Mwanafunzi, Mlimani)

Karibu chamani. Ni kitabu chembamba, kirudie mwakani.

Baba mkwe alikuwa mpenzi wa Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Musiba. Nimpe zawadi gani ya aina hiyo? (Mkwe, Kigamboni)

Kama kamaliza za Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa atakuwa kashamsoma pia, wazee wa rika lile wote walisoma. Jaribu kumrudisha nyuma zaidi, kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ya 1960. Usitegemee bastola. Huyu anavuta kiko chake, anawaza, na rafiki yake Najum anashangaa. Ni Kiswahili cha Unguja cha kutafuna polepole, mzee mwenye muda atakipenda. Angalia tu ukubwa wa herufi kabla hujalipa, usimpe mkweo zawadi ya kuumwa kichwa.

Nimeshaangalia filamu ya Vuta N'kuvute, kuna haja ya kusoma kitabu? (Dada, Upanga)

Ipo, dada. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ni nzuri, ile bluu ya usiku na bahari sijaiona kwenye sinema nyingine ya kwetu. Lakini filamu ina saa moja na nusu hivi, na Adam Shafi ana nafasi ya kumkalisha Yasmin nyumbani kwa Mwajuma kule Ng'ambo, Unguja, binti wa Kihindi aliyemtoroka mume mzee, anajifunza maisha mapya taratibu, siasa za miaka ya hamsini zinapita barabarani na yeye bado anamuwaza Denge, yule mpigania uhuru. Hiyo taratibu ndiyo kitabu chenyewe. Mimi nakirudia mara ya tatu sasa, nimefika pale ambapo Denge amechelewa kurudi, kwa hiyo leo jioni msinipigie.