Kutoka Mwanza kwenda Serengeti: geti la Ndabaka au Ikoma?

SWALI: Naishi Mwanza. Februari nataka kuipeleka familia Serengeti kwa RAV4 yetu, inavuta matairi yote manne. Tutalala Seronera usiku mbili, kisha tutokee Arusha. Wengine wananiambia nipite Ndabaka kwa kuwa ndiko karibu, wengine wanasema Ikoma. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndabaka iko karibu na Mwanza, haiko karibu na Seronera. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Geti lenyewe liko kando ya lami ya Mwanza–Musoma, mbele kidogo ya Lamadi, na kutoka Mwanza ni saa mbili na ushee. Lakini ukishaingia bado una takriban kilomita 145 za vumbi, na mwendo ndani ya hifadhi hauruhusiwi kuzidi 50 kwa saa. Usiposimama ni saa tatu. Watoto wakiona viboko na mamba wa mto Grumeti pale Kirawira, weka tano. Ikoma ni kinyume chake: unaipita Ndabaka hadi Bunda, unakata kulia kuelekea Nata, unazunguka sana kwa nje, ila kutoka getini hadi Seronera ni kama saa moja tu.

Kinachoamua ni mvua. Uwanda wa Ndabaka ni udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka ni mgumu kama sakafu. Ukilowa unanata tairini mpaka kashata zote zinaziba, na tairi linakuwa kama limepakwa sabuni. RAV4 ina tumbo la chini. Ikifuata mikondo iliyochimbwa na magari makubwa, tumbo linakaa juu ya tuta la katikati, na matairi yote manne yanazunguka bila kushika kitu. Kuvuta manne hakukusaidii hapo.

Kwa hiyo siku moja kabla, waulize madereva wa Lamadi au askari wa getini. Kama hakujanyesha kwa siku tatu, pita Ndabaka, na uwe getini kabla ya saa 4 asubuhi. Kama imenyesha jana yake, hata jua likiwaka asubuhi hiyo, nenda Ikoma bila kusitasita. Usifike geti lolote baada ya saa 10 jioni ukitegemea kuingizwa.

Jambo la pili ni saa za kibali. Kibali huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia, si kwa tarehe. Ukiingia Ijumaa saa 6 mchana na kulipia siku mbili, Jumapili saa 6 mchana uwe umeshatoka geti la Naabi, la kutokea kuelekea Ngorongoro na Arusha. Ukichelewa utalipia tena. Kutoka Seronera hadi Naabi ni kilomita 45 hivi, lakini Februari nyumbu wako kusini wakizaa, na nyanda za kuzunguka Naabi hujaa ndama. Utasimama tu. Ondoka Seronera saa 12 asubuhi, uwe na muda wa kuwatazama.

Naabi pia ina gharama ambayo watu wa Kanda ya Ziwa hawaitarajii. Ukitoka hapo unaingia eneo la Ngorongoro, lenye mamlaka yake na ada yake, hata kama unapita tu. Ada hiyo haikupi ruhusa ya kushuka kreta. Hiyo inalipiwa peke yake. Vivyo hivyo ukishawishika kwenda Ndutu kufuata nyumbu: sehemu kubwa ya Ndutu iko upande wa Ngorongoro, na mpaka hauna uzio wa kukuonya. Kutoka Naabi hadi geti la Lodoare, la kutokea Ngorongoro, tenga saa tatu. Kingo za kreta huwa na ukungu mzito, washa taa na usiyapite magari ya mbele. Lami inaanza Lodoare, kisha Karatu, kisha Arusha.

Malipo ni kwa kadi au namba ya malipo, si fedha taslimu. Beba kitambulisho cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana bila hivyo ni vigumu kuthibitisha kuwa mnastahili kiwango cha Afrika Mashariki.

Jaza mafuta Lamadi au Bunda. Seronera yapo, ila bei iko juu. Kwenye vumbi shusha upepo wa matairi kutoka PSI 32 hadi 28 hivi, ili barabara yenye mawimbi kama bati isilegeze bolti za shokomzoba. Beba ubao mnene wa kuweka chini ya jeki. Kwenye udongo laini jeki huzama badala ya kuinua gari.

Upande wa magharibi kuna mbung'o wengi kwenye vichaka, na hufuata rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Wavalishe watoto kaki au rangi ya udongo, na mkifika penye miti funga vioo kabla mbung'o hawajaingia, maana kumtoa mbung'o ndani ya gari linalotembea ni kazi, na kuumwa kwake kunapenya hata shati.