Nguva wa Andersen na nguva wa Disney: maswali yenu

Tangu niandike hapa kwamba yule binti nguva wa hadithi ya awali hakuolewa na mwanamfalme, maswali hayajakatika. Nayajibu machache.

Wanangu wameiangalia katuni hadi wameikariri. Kweli mwisho wa hadithi yenyewe ni mbaya hivyo? (Mama wa wawili, Tanga)

Dada, keti kwanza. Hadithi ni ya Hans Christian Andersen wa Denmark, ilitoka mwaka 1837. Nguva anamwokoa mwanamfalme, kisha anampa mchawi sauti yake apate miguu ya kumfuata nchi kavu. Mwanamfalme anaoa binti mwingine, akidhani ndiye aliyemwokoa alipozama. Usiku wa harusi, merikebuni, dada watano wa nguva wanaibuka majini vichwa vikiwa vimenyolewa: nywele wamempa mchawi, naye kawapa kisu. Amchome mwanamfalme kabla ya jua kuchomoza, damu imdondokee miguuni, mkia urudi. Anafunua pazia la hema la maharusi, anambusu mwanamfalme kwenye paji la uso, anamsikia akimtaja mkewe usingizini. Kisu anakitupa baharini, kisha anajitupa na yeye.

Basi Disney waliogopa tu kuwaliza watoto? (Kijana wa Nakuru)

Hilo lipo, lakini itazame sauti. Katika katuni ya 1989, ya Ron Clements na John Musker, mchawi Ursula anaichukua sauti ya nguva, Ariel, na kuifungia ndani ya kombe analovaa shingoni. Kilichofungiwa kinaweza kufunguliwa. Kombe likipasuka, sauti inarudi kooni kwa mwenyewe na mwanamfalme Eric anaitambua. Kwa Andersen mchawi anaukata ulimi. Hakuna cha kurudishwa, kwa hiyo hakuna namna ya mwanamfalme kuambiwa ukweli. Harusi ya Ariel, kwa maoni yangu, ilishaamuliwa pale kwenye kombe. Tena ile ni filamu ya nyimbo, za Alan Menken na Howard Ashman, na muziki wake ulichukua tuzo mbili za Oscar. Nani angemkata ulimi mwimbaji wake mkuu?

Mchawi ni yule yule? (Msomaji, Mombasa)

Hata kidogo. Mchawi wa Andersen hana ugomvi na mtu. Anamwambia binti waziwazi kwamba anachotaka ni upumbavu na kitamletea majonzi, na kwamba kila hatua itakuwa kama kukanyaga visu. Halafu anataja bei yake, anajichanja kifuani, damu nyeusi inadondokea chunguni. Biashara imeisha. Ursula anautaka ufalme wa Triton, baba yake Ariel. Nampenda sana, ndiye mwenye maneno matamu kuliko wote mle, lakini akishakufa anaondoka na lawama zote. Kwa Andersen huna wa kumlaumu. Hata mwanamfalme hajamdanganya binti wa watu. Anampenda kama mtoto aliyemwokota, anamruhusu alale mlangoni pake juu ya mto wa mahameli. Ule mto unaniuma kuliko kisu.

Nguva alikuwa anatafuta mapenzi tu? (Mwalimu mstaafu, Unguja)

Shikamoo mwalimu. Alikuwa anatafuta roho. Bibi yake alimweleza kuwa nguva huishi miaka 300 kisha wakawa povu, ila binadamu wana roho isiyokufa, na nguva huipata akipendwa na mtu kuliko baba na mama na kuolewa naye. Filamu imemwondoa bibi pamoja na habari hiyo yote. Badala yake Ariel anakusanya uma na makorokoro ya meli zilizozama, na anatamani nchi kavu hata kabla hajamwona Eric. Si mbadala mbaya, ila ni mwepesi.

Filamu ya Disney ya 2023 imeirudia hadithi ya Andersen? (Msomaji, Kigoma)

Inaanza na maneno ya Andersen, kwamba nguva hana machozi na kwa hiyo huumia zaidi. Baada ya hapo ni katuni ile ile, mikia ikiwa ya watu halisi.

Nimsomee binti yangu wa miaka sita? (Baba, Dodoma)

Msomee, na kisu usikiruke. Ruka aya ya mwisho. Nguva anapokelewa na mabinti wa hewa, ambao huipata roho kwa kutenda mema miaka 300, na Andersen anadai mtoto mtukutu akiwatoa machozi, kila chozi linaongeza siku moja. Mtoto wa miaka sita hastahili kubebeshwa deni hilo saa ya kulala.